Kupalilia Vitabu vya Maktaba Yetu

Wanangu,

Ujumbe wenu umenikuta bandani kwa kuku, mkono mmoja una pumba na mwingine una simu. "Shikamoo Mama Rukia. Tumeambiwa tupunguze vitabu vya zamani maktabani. Tunaogopa. Tuanzie wapi?" Nimecheka mpaka kuku wakanishangaa. Siwacheki ninyi. Hofu hiyo naijua, nimeishi nayo miaka mingi, na mkiwa nayo basi mnaifaa kazi hiyo. Asiyeogopa hata kidogo kukitoa kitabu rafuni, huyo msimwachie funguo.

Marahaba. Nilianza kuwajibu kwenye simu, kidole kikachoka kabla sijamaliza salamu. Sasa nimekaa kibarazani na kalamu, karatasi nimezikandamiza kwa jiwe maana upepo wetu wa Singida mnaujua, nami nitawaeleza kama nilivyofundishwa mwenyewe, yaani kwa visa. Namna nyingine siijui.

Mimi ni mtoto wa dukani. Baba yangu aliuza kanga na vitenge hapa mjini, na kwake kitambaa kilichokaa bila kununuliwa kilikuwa kama mgonjwa ndani ya nyumba. Alikishusha, akakikung'uta, akakipunguza bei, akakiondoa, mahali pake akaweka kingine. Nilipoajiriwa maktaba nikakuta mambo ni kinyume kabisa. Pale kitabu kikiingia kimeingia. Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha bati, jengo ambalo siku hizi ni ghala la alizeti, na rafu zilishonana kiasi kwamba kitabu hukivuti kwa mkono peke yake. Unaegemeza goti kwenye rafu, unavuta, kinatoka na jirani zake.

Na vilikuwa vitabu gani? Tulikuwa na kitabu cha kutunza bustani wakati wa theluji. Msicheke. Nakala zake zilijaza rafu nzima, zililetwa na watu wa mbali kwa moyo mwema kabisa. Tulikuwa na ratiba za treni ambazo zilishaacha kupita. Tulikuwa na ramani za nchi zilizokwisha badili majina, na kamusi kubwa iliyonyofolewa herufi M yote, kwa hiyo ukitaka kujua maana ya "maji" au "mama" ilibidi uende kwingine.

Mkuu wetu alikuwa Mzee Mkumbo, Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, mrefu, mpole, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Kila ninachokijua katika kazi hii nimekipata kwake. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na kubandika mgongo wa kitabu usiachie. Alinifundisha kukinusa kitabu kabla ya kukifungua, kwa sababu ukungu hunuka mapema kuliko unavyoonekana. Alinifundisha kumtambua msomaji anayetafuta kitu lakini anaona haya kuuliza: hupita rafu ileile tena na tena, mikono nyuma, macho pembeni. "Huyo usimwulize anataka nini," aliniambia. "Nenda kapange vitabu karibu naye, kisha zungumzia jua."

Jambo moja tu hakunifundisha, nalo ni kutoa. Nikimwonyesha kitabu kilichochakaa, kilichopitwa na wakati, namwuliza, "Mzee, hiki tukifanyeje?" yeye anakipangusa kwa kiganja na kusema, "Kirudishe, Rukia. Iko siku mtu atakihitaji."

Sikumwona mjinga. Alikulia kijiji ambacho kitabu pekee kilikuwa cha katekista, na watoto waliruhusiwa kulitazama jalada tu, kwa zamu, bila kugusa. Mtu aliyekua hivyo utamwambiaje atupe kitabu?

Ikawa hivyo mpaka asubuhi moja ya kiangazi. Aliingia mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi la njiani, mkononi ana mfuko wa plastiki uliofungwa fundo la kukaza. Alikuwa anaitwa Ntandu, mkulima wa kijiji kimoja upande wa Ikungi. Alisalimia vizuri, akaketi, akauweka mfuko juu ya kaunta.

"Nimekuja kurudisha kitabu," akasema.

Nikanyoosha mkono. Hakunipa.

"Kwanza mniahidi hamtamwazima mtu mwingine."

Mzee Mkumbo alikuwa nyuma yangu akibandika. Akaacha brashi, akaja. "Kuna nini, ndugu yangu?"

Ntandu akaeleza polepole, kama mtu anayehofia kusahau kitu. Fukusi walikuwa wanamwangamizia uwele na mahindi kila mwaka. Akaja maktaba, akakuta kitabu cha kuhifadhi nafaka, akakiazima. Kitabu kilimwelekeza kuchanganya dawa fulani ya unga na nafaka yenyewe, humo humo kwenye kihenge. Dawa yenye jina hilo aliikuta kijijini kwao, imebaki kwenye ghala bovu lisilo na mwenyewe. Akafurahi. Akafanya kila kitu kama kilivyoandikwa.

"Kuku ndio walitangulia," alisema. "Waliokota punje chini ya kihenge. Tukasema kideri hicho kimerudi, tukawafukia. Halafu mama yangu akaanza kutapika. Halafu mke wangu. Mtoto wetu wa mwisho akatetemeka mikono mpaka kikombe hawezi kukishika."

"Wako wapi sasa?" niliuliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Wako hai. Wametoka hospitali. Mama hajapata nguvu bado, lakini anakula." Akaugusa mfuko. "Daktari aliniuliza, hii dawa ilishapigwa marufuku zamani, nani kakuelekeza? Nikamjibu, nimeelekezwa na kitabu cha maktaba."

Mzee Mkumbo alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili. "Bwana Ntandu, ungekuja na polisi tusingekuwa na la kusema."

"Polisi wa nini, Mzee? Kitabu kilisema ukweli wa wakati wake. Lakini kitabu hakiwezi kujua kwamba wakati wake umepita. Ninyi mliopo hapa kila siku ndio mngetuambia."

Wanangu, nimehudhuria semina nyingi za kazi hii, nyingine kwenye hoteli zenye mazulia. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kazi yetu kwa ufupi na kwa usahihi kuliko mkulima yule. Nami namshukuru mpaka leo kwa namna aliyotuambia. Alikuwa na haki ya kupiga kelele, na akachagua kukifunga kitabu kwenye mfuko na kupanda gari kuja mjini ili mtoto wa mwingine asitetemeke mikono.

Mzee Mkumbo alimwahidi kumtafutia bwana shamba amwandikie maelekezo ya sasa ya kuhifadhi nafaka, akamwomba arudi kuyachukua. Ntandu alipotoka, Mzee akaufungua mfuko. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu paliandikwa kwa mkono mzuri wa wino wa bluu: Mali ya Mwalimu Daudi. Tulimjua sote. Alikuwa mwalimu wa kilimo, marehemu sasa, na mjane wake, Mwalimu Ester, ndiye aliyetuletea vitabu vyake vyote baada ya mazishi. Mzee akakifunga, akakiweka chini ya kaunta mbali na macho ya watu.

"Lete kiti, Rukia," akasema. "Leo tunaanza kupalilia."

Hilo ndilo jina tulilolitumia, kupalilia, na mkulima yeyote analielewa. Mnaniuliza mwanzie wapi. Anzieni pale tulipoanzia sisi: kilimo, afya, dawa, sheria. Theluji na treni zinaweza kungoja, hazimuui mtu. Shika kitabu ujiulize, mtu akikiamini hiki leo na kukifuata, ataumia? Kama hujui, mwulize anayejua. Sisi tuliwaita bwana shamba na muuguzi mmoja, tukawakalisha na chai. Muuguzi alifungua kitabu cha malezi kilichosema mtoto anayeharisha apunguziwe kunywa. Kikombe kikamsimama mkononi. "Jamani, hiki mlikuwa mnaazimisha?" Hakumaliza chai yake. Alikaa mpaka tunafunga, anafungua, anatikisa kichwa, anaweka pembeni.

Mzee Mkumbo ndiye aliyepata shida. Mchana tunatoa kitabu, asubuhi nakikuta kimerudi rafuni, kimepanguswa. Namtazama. Anajifanya anatafuta miwani. "Nilikionea huruma," anasema hatimaye. Tukakubaliana kwamba kila anachokirudisha aniambie kwa sauti kitamfaa nani. Akisema "mtu," hakikubaliki. Ataje mtu wa namna gani. Mara nyingine alitaja, tena kwa haki kabisa, na kitabu kikabaki. Mara nyingine alifungua mdomo, akaufunga, akakirudisha kwenye boksi mwenyewe.

Tena msiiamini sana karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ya kitabu. Tulikuwa na kijitabu cha haki za mwanamke katika ndoa na mirathi. Karatasi yake ya tarehe ilikuwa nyeupe, hakuna muhuri hata mmoja. Nilikuwa nimekwisha kukiweka kwenye boksi. Mzee akakitoa, akakigeuza, akanionyesha ubavu wa kurasa. Pale katikati palikuwa peusi kwa vidole. "Kinasomwa sana hiki," alisema. "Kinasomwa hapa hapa, wamesimama nyuma ya rafu. Hawawezi kukipeleka nyumbani." Nikakumbuka akina mama wangapi nimewaona kona ile, kapu la sokoni mkononi, nikidhani wanapumzika jua. Tukatafuta toleo jipya la sheria hiyo, tukaliweka pale pale lilipokuwa la zamani, na hatukuhamisha rafu ile hata sentimita. Kwa hiyo kabla hujasema kitabu hakitumiki, kitazame ubavuni.

Na maandishi ya watu wa hapa kwenu, hata kama hayasomwi, yaacheni. Mtu aliyeandika habari za visima vya kijiji chake kwa mashine ya chapa, nakala moja tu duniani, hiyo mkiitoa imekwisha.

Sasa niwaambie la mandazi.

Maboksi ya vitabu vilivyotoka tuliyaweka nyuma ya jengo, yakisubiri kuchomwa. Hatukuvigonga muhuri wa kuonyesha si vya maktaba tena. Hatukuwa na muhuri wa kuondolea, kwani tangu maktaba ianzishwe hakuna kilichowahi kuondoka. Mlinzi wetu, mtu mwenye huruma sana, akaona karatasi nzuri zinakwenda kuteketea bure, akampa jirani yake anayekaanga mandazi stendi. Yule mama akafurahi, akachana, akafungia. Abiria wa Dodoma na wa Kiomboi wakawa wanakula mandazi huku wanasoma magonjwa ya ng'ombe.

Tulijua siku mlango uliposukumwa akaingia Mwalimu Ester, yule mjane. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye sauti ya ubaoni ambayo kustaafu hakukuipunguza. Siku ile hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alitandaza juu ya kaunta karatasi iliyolowa mafuta.

"Rukia, soma hapo."

Nikasoma. Mali ya Mwalimu Daudi.

"Nimenunua mandazi stendi nisubiri gari," alisema. "Nimekula moja. La pili ndio nikaona mkono wa mume wangu."

Nilisimama, nikamwamkia. Mzee Mkumbo alitoka nyuma, akaitazama karatasi, akavua miwani.

"Mwalimu, tumekosa," alisema. "Havikupaswa kutoka nje namna hii, wala havikupaswa kutoka bila wewe kuulizwa. Nakuomba radhi."

"Nilivileta kwa mkokoteni wa punda, arobaini yake hata haijapita. Watoto walitaka tuvigawane, nikakataa. Nikasema hapana, baba yenu alifundisha watoto wa watu, vitabu vyake viende kwa watoto wa watu." Akaigonga ile karatasi kwa kidole. "Kosa lake nini, Mzee Mkumbo? Vilichanika? Vililiwa na mchwa?"

Mzee akaifuta miwani kwa shati.

"Nakuuliza. Kwa nini vya Daudi?"

Mimi nilikuwa najua jibu, lipo chini ya kaunta, karibu kabisa na goti langu. Nikafungua mdomo. Mzee akanikanyaga mguu, taratibu lakini kwa uzito wake wote. Nikaelewa. Alikuwa tayari aonekane mzembe, aonekane mtu asiyeheshimu marehemu, kuliko kumwambia mwanamke yule kwamba kitabu cha mumewe kilikaribia kuua watu. Sijui kama ningeweza hivyo. Mtu anadharauliwa mbele ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, na neno moja la kumwokoa liko mdomoni mwake, anamezea.

"Sina jibu la kukuridhisha, Mwalimu," alisema. "Chukua vyote vilivyobaki. Tutakupakilia."

Nilikuwa nimeinama kutafuta boksi nikasikia hodi. Ntandu. Amekuja kuchukua maelekezo yake ya bwana shamba, kama alivyoahidiwa, amevaa shati safi na uso umenawiri. Akamwona Mwalimu Ester, akavua kofia.

"Shikamoo Mwalimu."

Mama akageuka, akamkazia macho yaliyojaa maji. "Marahaba. Wewe... si Ntandu wewe? Kiranja wa shamba?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

Ndipo nilipojua kwamba alisoma kwao, kwamba mume alimfundisha kilimo na mke alimfundisha hesabu. Mzee Mkumbo alikuwa anamfanyia Ntandu ishara za macho, lakini Ntandu alikuwa anamtazama mwalimu wake kwa furaha.

"U mzima? Nyumbani wazima? Na hapa umefuata nini?"

"Sasa ni wazima, tunamshukuru Mungu. Ila tulipata mtihani mkubwa, Mwalimu." Na akaeleza. Yote. Fukusi, kihenge, kuku, mama yake, mkewe, mtoto na kikombe. "Kitabu nilikikuta hapa kina jina la Mwalimu Daudi ndani. Nilipoona jina lile sikuuliza mtu mwingine. Mwalimu hakuwahi kutudanganya."

Alipomaliza tu ndipo alipoona uso wa Mzee, na mafuta ya mandazi kwenye kaunta, na jina lile lile. Akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

Mwalimu Ester aliketi. Nilimsogezea kiti nikiwa nimechelewa, alikuwa karibu aketi hewani.

"Kitabu cha Daudi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mama yako ameponaje?"

"Anatembea sasa. Jana alikwenda mwenyewe kisimani kutazama, ndoo hatujamruhusu."

Akamgeukia Mzee Mkumbo. "Na wewe ulijua. Ukaniacha nikuseme."

Mzee akavaa tena miwani yake.

"Ntandu," mama akasema tena, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "unamlaumu mwalimu wako?"

Ntandu alifikiri. Hakukimbilia jibu la kumpendeza. "Kila kabla ya mvua alitukalisha chini kuchambua mbegu," alisema. "Mbegu iliyotobolewa tuitoe, iliyokaa sana tuitoe. Nilimwuliza siku moja, Mwalimu, hii si ulituambia ni mbegu bora? Akasema ilikuwa bora, na msimu wake tuliila, usiitetee. Angekuwa hai, Mama, kitabu kile angekuja kukitoa mwenyewe. Tena angewahi kabla yangu."

Mwalimu Ester alilia pale pale, bila kujificha, na sisi tukamwacha alie. Mimi nikaenda kuchemsha chai kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Niliporudi alikuwa amekwisha kujifuta kwa mtandio, amevaa miwani, na boksi la kwanza la vitabu vya mumewe liko miguuni pake.

"Haya," alisema. "Mnafanyaje? Nielekezeni."

Alikuja tena kesho yake, na baadaye akawa anakuja kama mwajiriwa. Tulichongesha muhuri wa kuondolea vitabu kwa fundi wa mjini, na yeye ndiye aliyekuwa anaugonga, kwa nguvu, kama anasahihisha madaftari. Vitabu vya mumewe alivipitia kimoja kimoja. Vichache alivirudisha rafuni, na kila alichokirudisha alikuwa na hoja. Vingine viwili vitatu, ambavyo marehemu alikuwa ameandika maneno yake pembeni ya kurasa, alivitia kwenye kikapu. "Hivi havina faida kwa msomaji," alisema. "Hivi ni vyangu." Siku alipofungua jiografia ya zamani na kukuta orodha ya nchi alizowafundisha watoto kukariri kwa fimbo, alicheka mpaka Mzee Mkumbo akaja kutazama kuna nini. "Niliwachapa watoto wa watu kwa nchi ambazo hazipo!" alisema, na kugonga muhuri.

Alikwenda mpaka kwa kina Ntandu, akapeleka sukari na kanga kwa yule bibi, mama yake Ntandu, akarudi na tetea chini ya kwapa. Nilimwambia kuku huyo nimlee mimi kwa vile kwangu kuna banda. Akakataa katakata.

Kwa hiyo wanangu, palilieni mchana, milango wazi, watu wanaona. Vikiwa ni vitabu vya mtu aliyevitoa kwa moyo wake, mtafuteni kwanza yeye au jamaa zake, mkae nao. Gongeni muhuri kabla kitabu hakijavuka mlango. Msipalilie mkiwa na njaa wala mkiwa na hasira. Ukiwa na hasira kila kitabu kinakuwa cha zamani. Na mkipata wa kuwafundisha kama Mzee Mkumbo, mshukuruni angali anasikia. Mimi nilimshukuru, akaniambia niache maneno mengi nikapange rafu. Yeye na Mwalimu Ester wote wametangulia. Ntandu yuko, mama yake alikuja kufa kwa uzee, amezungukwa na wajukuu. Sikupata utajiri katika kazi hii, lakini watu nilipewa, na kila nikiwahesabu nasema alhamdulillahi.

Ngoja niwaambie la mwisho nifunge, jua limefika kwenye karatasi.

Tulipomaliza awamu ile ya kwanza, rafu zilikuwa na nafasi. Mzee Mkumbo alizunguka chumba siku nzima kama mtu aliyeng'olewa jino, ulimi hauachi kugusa pengo. Tulikuwa tumeomba vitabu vipya na jibu lilikuwa bado. Hakikuwa kimeingia hata kimoja. Tulivyokuwa navyo tulivisogeza tu, vikasimama wima, vingine tukavigeuza majalada yake yatazame watu. Mwalimu Ester alikuwa kaunta anapanga kadi.

Mchana, shule zilipotoka, aliingia binti wa sekondari na sketi yake ya bluu. Huyo alikuwa msomaji wetu wa kila wiki, rafu zile alikwishapita mbele yake mara nyingi. Akasimama katikati ya chumba. Akazunguka taratibu. Akavuta kitabu kimoja kwa vidole viwili, kikatoka bila kushindana, akakitazama, akakikumbatia, akavuta kingine. Vilikuwa vitabu vyetu vya siku zote, vilivyofichwa na vile tulivyoogopa kuvitoa.

Alikuja kaunta na mzigo mpaka kidevuni.

"Shikamooni. Samahani, hivi vitabu vipya vimekuja lini?"

Nilimtazama Mzee Mkumbo. Alikuwa amegeukia dirisha na mabega yanamtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine. Mimi nilitaka kumweleza binti ukweli. Mwalimu Ester akaniwahi. Akavichukua vile vitabu kimoja kimoja, akauchovya muhuri wa tarehe kwenye wino, akavigonga, na kumjibu bila kuinua kichwa.

"Vimefika leo, mwanangu. Karibu."